Kliniki ya selimundu ya watoto: miaka minne ya kumpima binti yetu akiwa mzima

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikimpeleka binti yetu katika kliniki ya watoto wenye selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwenye hospitali moja ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na kwa kuwa wazazi wengi huniuliza kama safari ile ina faida yoyote wakati mtoto haumwi, nimeona niandike kwa kirefu nilichokiona. Jina la hospitali sitalitaja, kwa sababu nina sifa za kuitolea na pia nina malalamiko, na malalamiko hayo nimekwisha kuyafikisha kwa wahusika. Jibu langu kwa wazazi hao ni kwamba siku ambayo mtoto haumwi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na kliniki hii inalijua hilo kuliko mahali pengine popote tulipopita.

Na tumepita kwingi. Binti yetu alikuwa na miezi minane mikono na miguu yake ilipovimba kwa pamoja, ngozi ikakaza na kuwa ya moto, akawa analia kila alipoguswa. Katika zahanati ya kwanza tulipewa dawa ya mseto ilhali kipimo hakikuonyesha malaria. Katika kituo cha pili tuliambiwa ni maambukizi ya ngozi. Hakuna aliyetueleza kwamba uvimbe wa viganja na nyayo kwa mtoto wa umri huo ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za selimundu, na kwamba dalili hizo huanza kuonekana anapokaribia miezi sita kwa sababu kabla ya hapo himoglobini, yaani protini ya damu, aliyotoka nayo tumboni bado inamkinga. Alipofikisha mwaka mmoja na miezi saba damu yake, yaani kiwango cha himoglobini, ilishuka hadi gramu 4.8 kwa desilita, akaongezewa damu usiku uleule, na asubuhi tukakabidhiwa karatasi iliyosema kipimo cha selimundu ni chanya. Aliyetukabidhi alisema, "Ana sikoseli kidogo."

Hakuna sikoseli kidogo. Kipimo alichofanyiwa, kile cha kulichanganya tone la damu na dawa inayoondoa oksijeni kisha kuangalia kama chembe nyekundu zinajikunja, huwa chanya kwa mgonjwa na huwa chanya pia kwa mtu mwenye afya njema aliyebeba kinasaba kimoja tu cha ugonjwa. Kinachowatenganisha wawili hao ni kipimo kinachochambua aina za himoglobini zilizomo katika damu, na kipimo hicho nacho hudanganya ikiwa mtoto ametoka kuongezewa damu ya mtu mwingine. Nalieleza hili mapema kwa sababu ndipo nilipoanza kuiamini kliniki: daktari wa watoto aliyetupokea siku ya kwanza hakugusa ile karatasi kabla ya kuuliza, "Aliongezewa damu tarehe ngapi?" Tulipomwambia ni wiki tatu zilizopita, alisema kipimo cha mtoto kitasubiri miezi mitatu, akatuchukua damu mimi na mke wangu palepale, na akamwanzishia mtoto penisilini na foliki asidi kana kwamba ugonjwa umekwisha kuthibitishwa, kwani kusubiri bila kinga, alisema, ni hatari kuliko kumpa kinga asiyeihitaji. Majibu yetu sote wawili yalikuwa AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja. Miezi mitatu baadaye ya mtoto yalikuwa SS, yaani ana vinasaba viwili na ni mgonjwa.

Maelezo tuliyopewa juu ya ugonjwa wenyewe yalichukua karibu saa nzima, na sijawahi kupewa saa nzima katika hospitali yoyote. Muuguzi alieleza kwamba himoglobini ni protini inayobeba oksijeni, kwamba katika mnyororo wake mmoja asidi amino ya sita imebadilika, mahali pa glutamiki pakakaa valini, na badiliko hilo dogo ndilo linalofanya himoglobini ishikamane na kuwa kama vijiti oksijeni inapopungua, hata chembe nyekundu inayotakiwa kuwa ya duara na laini ikawa ngumu, imepinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtoto wetu huishi siku kati ya 10 na 20, ndiyo maana damu yake huwa chini daima na macho yake huwa na umanjano. Zinapokwama kwenye mishipa midogo, sehemu iliyo mbele hukosa oksijeni, na hapo ndipo maumivu yanapotoka.

Kisha akatoa vikombe viwili vya plastiki na maharage, jekundu likiwa kinasaba cha ugonjwa. Mama yangu mzazi alikuwa amefuatana nasi siku hiyo, naye tangu mwanzo alikuwa akisema, si kwa ubaya, kwamba ugonjwa huu umetoka upande wa ukweni, kwa kuwa kwetu haujawahi kuwapo. Muuguzi alimwamkia, akamsogezea vikombe, akasema, "Bibi, kikombe hiki ni mwanao, hiki ni mkwe wako. Kila mmoja ana harage moja jekundu na moja jeupe. Nichukulie moja kila kikombe bila kutazama." Akatoa mekundu mawili. Akayarudisha, akatikisa, akarudia, akatoa mekundu mawili tena. Muuguzi akamwonyesha kwamba kila mimba ni kuchota upya: robo ya uwezekano mtoto awe SS, nusu awe AS, robo awe AA, yaani asiwe nacho kabisa, na vikombe havikumbuki kilichotoka mara iliyopita. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba "mtoto mmoja kati ya wanne" huugua, nikaelewa kuwa tukishampata mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Mama yangu alilitazama harage jekundu la kikombe changu kwa muda, akasema taratibu, "Kumbe na kwetu limo." Tangu siku hiyo mke wangu hajasikia tena neno la upande wa ukweni, na kwa hilo pekee ningeishukuru kliniki ile maisha yangu yote.

Mama yangu aliuliza pia kwa nini jambo baya namna hii limeenea kwetu. Alijibiwa kwamba aliyebeba kinasaba kimoja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954, na ndiyo maana kinasaba hiki kimedumu vizazi na vizazi ukanda wa ziwa na pwani, kulikokuwa na mbu wengi. Mgonjwa wa SS mwenyewe hana raha hiyo. Malaria humwangusha haraka, kwa hiyo chandarua na dawa ya kinga ni lazima.

Sasa nije kwenye kiini cha huduma. Kila tunapofika, hata mtoto akiwa anarukaruka kwenye korido, hupimwa uzito, urefu, joto na kiwango cha oksijeni kidoleni, huangaliwa macho na kupapaswa tumbo, hutolewa damu kwa ajili ya picha nzima, yaani hesabu ya chembe zake zote, na mara moja kwa mwaka hupimwa mkojo kuona kama figo zinavujisha protini. Yote huandikwa mara mbili, kwenye faili na kwenye daftari la kurasa 48 ambalo hukaa kwetu. Mwanzoni niliona ni kazi ya bure. Nilielewa thamani yake tulipokuwa ugenini kwa msiba na mtoto akapata kikohozi. Hospitali ya huko ilimpima, ikakuta damu 7.1, na daktari wa zamu akaagiza aongezewe damu mara moja. Nilimfungulia daftari: 7.4, 7.2, 7.5, 7.3, miadi minne mfululizo akiwa mzima. Daktari alisoma, akamsikiliza kifua upya, akaondoa agizo la damu na kumtibu kifua. Mtoto wa selimundu haongezewi damu kwa sababu namba ni ndogo, huongezewa kwa sababu namba imeshuka mbali na ile aliyoizoea au hali yake imebadilika, na kila chupa isiyo ya lazima huongeza chuma mwilini na uwezekano wa mwili kuikataa damu nyingine siku ya shida. Huwezi kujua kilichoshuka kama hujui kilipokuwa.

Mafunzo ya bandama nayo nayaweka juu sana. Muuguzi alimlaza mtoto chali, akaukunja mguu wake kidogo ili tumbo lilegee, akaushika mkono wa mke wangu na kuuweka chini ya mbavu za kushoto. "Mama, usibonyeze. Subiri avute pumzi, itakuja yenyewe." Ikaja, ncha laini kama ya ulimi, upana wa vidole viwili. Alitufundisha kwamba bandama ikivimba ghafla inaweza kuinywa damu ya mtoto kwa saa chache tu, na kwamba dalili ni weupe wa viganja, ulegevu na tumbo kujaa upande huo. Nchini Jamaika wazazi walifundishwa hivihivi, na vifo vya watoto vinavyotokana na tatizo hilo vikapungua sana. Mke wangu hupapasa kila Jumamosi jioni, na mara moja, vidole viwili vilipokuwa vinne, tulifika hospitali kabla viganja havijawa vyeupe.

Kipimo cha mishipa ya kichwa ndicho kinachoniletea sifa na lawama kwa pamoja. Mtoto hupakwa jeli kwenye panja, kifaa kikawekwa, na damu ikasikika ikipita kwa sauti ya upepo. Kinachotafutwa ni kasi: ikifika sentimita 200 kwa sekunde hatari ya kiharusi ni kubwa na tiba huanza bila kuchelewa, kati ya 170 na 199 mtoto huangaliwa kwa karibu. Wa kwetu alikuwa 178. Ndipo tulipoanza haidroksiyurea, dawa iliyonitia hofu nilipojua kwamba hutumika pia kwa saratani, mpaka daktari aliponieleza utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, ulioonyesha watoto waliotumia walipata maumivu machache, malaria kidogo, kuongezewa damu kidogo na vifo vichache. Baada ya mwaka mmoja kasi ilikuwa 149. Lawama yangu ni kwamba mashine ni moja, anayeijua ni mtu mmoja, na siku ya kipimo ni moja kwa mwezi; mtaalamu huyo alipokwenda masomoni, watoto walikaa miezi mitano bila kupimwa. Kipimo kinachozuia kiharusi hakitakiwi kutegemea likizo ya mtu mmoja.

Dawa yenyewe hutolewa kwa kapsuli za miligramu 500, ambazo mtoto wa kilo 16 hawezi kupewa nzima kila siku. Mfamasia wa kliniki alikaa na mke wangu, akamwonyesha namna ya kuvaa glavu, kuifungua kapsuli ndani ya maji yaliyopimwa kwa bomba la sindano, kuchukua kiasi alichoandikiwa na daktari na kumwaga kinachobaki. Alimfanyisha mara tatu mbele yake kabla ya kumruhusu kuondoka. Kipimo hicho ni cha mtoto wetu, kinabadilishwa kwa uzito na kwa majibu ya damu, kwa hiyo mzazi mwingine asikiige. Mara mbili dawa iliisha kwenye dirisha la hospitali na tukainunua nje kwa bei iliyotuumiza.

Udhaifu mkubwa kuliko yote ni usiku. Kliniki hufungwa alasiri, na maumivu ya mifupa hayana saa. Tulipofika idara ya dharura saa nane usiku, mtoto akilia kwa mguu, tulikaa karibu saa tatu na dawa pekee aliyopewa ilikuwa ya kutuliza homa, kwa sababu aliyekuwa zamu hakujua kwamba ghorofa ya juu, katika faili lake, umeandikwa mpango wa maumivu wenye kipimo cha dawa kali kinachomfaa. Ukurasa huo mmoja ukibandikwa idara ya dharura, watoto wengi wangepona mateso hayo. Na kuna karani anayeita kwa sauti, "Wale wa sikoseli huku!" Watoto wana majina.

Tuliuliza pia kuhusu kupandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huduma iliyoanza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023. Hawakutupa tumaini la uongo wala hawakutukatisha tamaa. Walieleza kwamba anahitajika ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye, uwezekano wa robo kwa kila ndugu, na wakaandika kaka yake apimwe.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza afike saa moja asubuhi, abebe maji ya kutosha na sweta, kwa sababu benchi la kusubiria liko upepo unakopita na baridi humwamshia mtoto maumivu; aulize siku ya kipimo cha kichwa kabla ya kukata tiketi ya basi; na aende na tarehe ya mara ya mwisho mtoto alipoongezewa damu, kwani ndiyo atakayoulizwa kwanza.