Kushutumu kwa jina lako au kwa kujificha

Tarehe 13 Januari 1898, mwandishi Mfaransa Émile Zola alichapisha katika gazeti la L'Aurore barua ya wazi kwa rais wa Ufaransa. Aliwataja kwa majina maofisa wa jeshi aliowashutumu katika kesi ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyefungwa kwa uhaini ambao hakuufanya. Alieleza kila mmoja alitenda nini, akatia saini, na akasema humo humo kwamba anajua sheria ya kashfa inaweza kumfika. Ilimfika kweli: alihukumiwa, akakimbilia Uingereza. Dreyfus alisafishwa mwaka 1906.

Atlanta, Marekani, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 1996, ilikuwa kinyume. Mlinzi Richard Jewell aligundua begi lenye bomu akasaidia kuwaondoa watu. Siku chache baadaye alitangazwa gazetini kuwa mshukiwa, bila mtoa habari kutajwa. Amkabili nani, basi? Oktoba mwaka huo serikali ilikiri kwamba hachunguzwi tena; mhalifu halisi, Eric Rudolph, alikiri kosa mwaka 2005.

Mimi nasimama na njia ya kwanza, ingawa gharama yake ni kubwa. Anayeweka jina lake hulazimika kupima ushahidi kabla ya kufungua kinywa, na akikosea kuna wa kumdai radhi.

Namtetea mmoja tu wa kujificha: mnyonge anayemshtaki mwenye uwezo wa kumdhuru. Hata huyo, ajulikane na anayehakiki madai yake, na mtuhumiwa aulizwe kabla habari haijatoka.