Tathmini ya kipimo cha infraredi kinachofungwa kwenye ekstruda

Anayechanganya polipropilini na polithini zilizorejelezwa anajua kwamba plastiki hizi mbili hazishikani vizuri hata zikiyeyuka, na kwamba uwiano ukiyumba, kreti inayotoka hupasuka upesi. Kwa utaratibu wa zamani, punje huchotwa mwishoni mwa laini ya ekstruda, yaani mtambo unaoyeyusha plastiki na kuisukuma nje, hupelekwa maabara, hubanwa kwa joto ziwe utando mwembamba, ndipo zipimwe. Majibu yanaporudi, magunia mengi yameshashonwa.

Kipimo cha infraredi ya karibu, yaani mwanga usioonekana kwa macho, huondoa ucheleweshaji huo. Ncha yake ya chuma, yenye kidirisha cha yakuti samawi, hukazwa katika tundu lilelile la nusu inchi ambalo kwa kawaida hubeba kipimo cha shinikizo, hivyo mtambo hautobolewi upya. Mwanga ukishagusa plastiki iliyoyeyuka, nyuzi za kioo huurudisha hadi kwenye spektromita, kifaa kinachopima nguvu ya mwanga katika kila wimbi, iliyowekwa mbali na joto. Polithini ni mnyororo wa CH2 (kikundi cha kaboni moja na hidrojeni mbili), ilhali polipropilini ina pia CH3 (kaboni moja na hidrojeni tatu) pembeni, na vikundi hivyo hufyonza mwanga katika mawimbi yanayotofautiana kidogo, hasa karibu na nanomita 1,700. Kutokana na tofauti hiyo programu hukokotoa asilimia ya kila plastiki, na namba hujirekebisha kila baada ya sekunde chache. Kifaa cha kulisha malighafi kinapoziba, mstari kwenye skrini huanza kuinama mara tu mchanganyiko ulioharibika unapofika kwenye ncha, na mwendeshaji huweza kuutenga kabla haujachanganyika na mzigo mzuri. Kwangu mimi, faida hii peke yake inatosha kukipendekeza.

Hata hivyo, muuzaji asikuambie kwamba ni kukifunga na kukiwasha tu. Lazima kwanza kifundishwe kwa sampuli zenye uwiano unaojulikana, zilizoyeyushwa katika joto lilelile la uzalishaji, kwa kuwa joto likibadilika, spektra, yaani picha ya jinsi mwanga unavyofyonzwa, nayo hubadilika. Malighafi ikitoka chanzo kipya, mafunzo hayo yahakikiwe tena. Plastiki iliyoungua ikiganda kwenye kidirisha, namba husogea polepole bila onyo lolote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Kwa plastiki nyeusi yenye masizi, usikinunue: masizi hufyonza karibu mwanga wote, na hakuna hesabu ya programu inayoweza kuurudisha. Kwa plastiki nyeupe au isiyo na rangi, kinunue, ila dai kwa maandishi kwamba bei inajumuisha ufundishaji kwa malighafi yako mwenyewe.