Krenki ya Kipande Kimoja au ya Vipande Vitatu kwa BMX
Kwa BMX (baiskeli ndogo ya michezo) inayopita kila siku kwenye mchanga wa Tabora, krenki ya kipande kimoja, yaani mikono ya pedeli na mhimili wake vikiwa chuma kimoja, ina faida kubwa, kwani golori zake husafishwa na kupakwa grisi kwa vifaa vichache, ilimradi fundi akumbuke kwamba nati ya upande wa kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa (wengi huiharibu hapo). Ya vipande vitatu haipindi upesi mwendeshaji anaporuka, nami ningeichagua kwa michezo. Hata hivyo, pima kwanza tundu la fremu ambamo mhimili wa krenki hupita: la milimita 51.3 hupokea ya kipande kimoja, ilhali la milimita 41.2 huhitaji ya vipande vitatu yenye beringi zinazoingizwa kwa kubana. Pedeli nazo hazihamishiki kati ya krenki hizo, kwani unene wa skrubu zake ni inchi 1/2 kwa ya kipande kimoja, 9/16 kwa ya vipande vitatu.