Makao ya mbwa Dodoma: nilivyokabidhiwa mbwa mwenye kifafa

Mwezi uliopita nilimchukua Popi, mbwa wa kienyeji mwenye umri wa miaka minne hivi na ugonjwa wa kifafa, kutoka makao ya mbwa waliotelekezwa yaliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Kilichonivutia ni kwamba hawakunificha lolote: mlezi wake alinieleza kuwa Popi humeza fenobabitali, dawa ya kuzuia degedege, kila baada ya saa 12, kwamba dawa hiyo haikatishwi ghafla kwa sababu degedege linaweza kurudi kwa nguvu zaidi, na kwamba damu yake hupimwa mara kwa mara ili kuangalia hali ya ini. Kisha alichomeka kidonge ndani ya kipande cha nyama iliyochemshwa, akasubiri Popi ameze, akamfunua mdomo kuhakikisha hakuna kilichobaki. (Nilipojaribu mimi, Popi alikula nyama akakitemea kidonge juu ya kiatu changu.)

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Dawa niliyokabidhiwa ilitosha siku tano tu, na cheti cha daktari wa mifugo hakikuonyesha dozi, hivyo nililazimika kurudi kwa bajaji kutoka Kisasa, jua la mchana likiwaka, kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imeandikwa vizuri. Ada yao ni nafuu. Gharama halisi ni dawa, na asiyeweza kuamka saa 12 alfajiri kila siku asimchukue mbwa wa namna hii. Popi sasa hulala kibarazani, mbali na ngazi.