Duka la dawa za Kichina huku Makoroboi, Mwanza, nimeenda kununua dawa ya kukesha nikanyimwa

Mimi napakia dagaa mwaloni Kirumba, usiku ndo kazi, kulala kwangu ni kwa kubahatisha. Mwezi uliopita mmachinga mmoja akaniuzia vidonge kwenye kimfuko cha nailoni, elfu tano, "broo hii ya Kichina, mizizi tupu, haina madhara". Nikameza viwili nikashushia na kahawa. Aisee!! Moyo ulipiga mpaka fulana inacheza, vidole vinatetemeka nashindwa kufunga kamba ya gunia, usingizi nikaja kuupata kesho yake saa nane mchana.

Sasa na ubishi wangu nikaona shida ni vidonge feki, ngoja niende kwenye duka lenyewe nipate orijino. Dada wa kaunta akakitazama kile kimfuko, akampa mzee wa Kichina aliyekaa nyuma, mzee akanusa akatikisa kichwa. Dada akatafsiri: hakina jina, hakina namba ya usajili, kilichomo hakijui, ila kwa nilivyomweleza anahisi ni ma huang au kitu cha jamii hiyo.

Kumbe ma huang ni dawa ya kweli kabisa, ni mashina ya mmea unaoitwa efedra, Wachina wanayachemsha pamoja na mdalasini na vingine kwa ajili ya pumu na mafua ya baridi, gramu chache, siku chache, halafu mgonjwa anaacha. Ndani kuna efedrini, inafungua njia ya hewa lakini humohumo inapandisha presha na kukimbiza moyo, na mimi nikaenda kuiongezea kahawa! Marekani walipiga marufuku virutubisho vyenye efedra mwaka 2004, watu walipata kiharusi, wengine walikufa. Eti "mizizi tupu".

Dada akanifunga mashine ya presha, 150 kwa 96, na hapo ni wiki nzima imeshapita. Nikasema basi nipe hata jinseng, ule mzizi wa kuongeza nguvu, akakataa. Akasema kwa presha hiyo nianze hospitali kwanza, na jinseng yenyewe inaweza kunikosesha hata huo usingizi kidogo nilionao. Nikajaribu kwa upande mwingine, nimpelekee basi mama yangu maana analalamika uchovu, dada akauliza mama anatumia dawa gani nikamwambia wafarini, ile ya damu isigande. "Kaka hapana, jinseng inaweza kuipunguza nguvu wafarini, muulize daktari wake kwanza." Yaani duka linakataa hela mara tatu, mimi nilizoea ukisema tu "nimechoka" unafungashiwa mfuko mzima.

Kasoro zipo. Foleni, nimekaa kwenye benchi zaidi ya saa na feni mbovu. Bei hazijabandikwa, unaambiwa tu. Na pakiti nyingi zimeandikwa Kichina mwanzo mwisho, nilivyolalamika dada akaanza kuniandikia kwa peni juu ya boksi, sawa, lakini siku yeye hayupo je?

Nimetoka na chai ya maua makavu elfu nane, haina cha kukesha wala nini, ina ladha ya majani ya jana. Nyota nne, ya tano watapata wakibandika lebo za Kiswahili. Na yule wa vidonge bado anapita mwaloni kila jioni na kibegi chake, nimemwonyesha picha ya mashine ya presha akacheka akasema mi mwoga.