Sarafu kuukuu za fedha za Uingereza: ipi ununue kwanza?

Kabla ya kuuliza bei, tazama mwaka. Hadi 1919 sarafu hizi zilikuwa na fedha halisi asilimia 92.5. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza fedha ilipanda bei mno, sarafu ikiyeyushwa ikawa na thamani kubwa kuliko ile iliyoandikwa juu yake, ndipo mwaka 1920 kiwango kikashushwa hadi asilimia 50. Kuanzia 1947 zikawa za shaba na nikeli tu. Anayekuuzia florini (sarafu ya shilingi mbili) ya 1937 kwa bei ya fedha tupu, mshukuru uende zako.

Chaguo langu la kwanza ni nusu krauni (shilingi mbili na nusu) ya Mfalme George V, ya 1911 hadi 1919. Ina gramu 14.14, na karibu 13 kati ya hizo ni fedha safi. Zilitolewa kwa mamilioni, kwa hiyo hulipii uhaba. Chagua ambayo nywele za mfalme bado zinaonekana vizuri.

La pili ni sarafu za 1887, mwaka Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala. Watu waliziweka kama kumbukumbu, ndiyo maana nyingi bado ni nzuri, na shilingi yake inapatikana bila shida. Sikisipensi (sarafu ya peni sita) ya mwaka huo ina kisa kitamu: muundo wa kwanza ulifanana mno na nusu pauni ya dhahabu, matapeli wakaipaka dhahabu na kuipitisha madukani, ikabidi ibadilishwe mwaka uleule. Ukikuta yenye mabaki ya dhahabu, ni ushahidi wa kihistoria, lakini bei yake iwe ya chini.

La tatu, kwa anayependa historia kuliko uzito, ni sikisipensi ya Malkia Elizabeth I, yenye waridi nyuma ya kichwa. Iligongwa kwa nyundo, haina duara kamili, na mara nyingi wezi wamekata kingo zake ili wakusanye vipande vya fedha. Uovu huo ndio uliochochea sarafu za fedha za zamani kukusanywa na kutengenezwa upya mwaka 1696, Isaac Newton alipoingia kazini kwenye kiwanda cha sarafu. Ipime: iliyokatwa sana isikugharimu kama nzima.

Krauni (shilingi tano) ya Victoria naiweka mwisho. Inavutia kweli, ina gramu 28.28, ila waghushi wanaipenda kuliko zote. Usinunue bila mizani ya sonara na sumaku. Fedha hainaswi, na uzito ukipungua kwa gramu mbili tatu bila sarafu kuchakaa, iache. Pia kwepa zilizosuguliwa ziking'aa. Ule weusi wa miaka mingi ndio mkusanyaji anaoulipia, na ukishafutwa haurudi.

Kuhusu shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya 1921 hadi 1946, fedha yake ni robo tu. Inunue kwa mapenzi ya historia yetu, si kwa madini yake.