Uzoefu wangu: sinema ya darini Mji Mkongwe, na muziki wa Sholay waliouzima

Usiku ule nilishuka ngazi nikisema hawa hawapati hata nyota moja. Nimelala, nimeamka, nimekunywa chai, nikaona tatu kati ya tano ni haki. Basi anzeni na hizo tatu, tutakwenda tukiona.

Mahali ni juu ya dari ya nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe. Jina silitaji, ugomvi siutaki. Wanaonyesha filamu za zamani usiku, baada ya sala ya Isha, kwenye kitambaa cheupe kilichovutwa ukutani. Kiingilio si kidogo kwa mtu wa hapa, ila ndani yake mna glasi ya juisi ya ukwaju. Mishikaki mizuri, viti vya kuegemea vipo, upepo wa bahari unakuja wenyewe. Hayo nayapita, sikwenda kula wala kupunga upepo.

Nilikwenda kwa ajili ya Sholay, filamu ya Kihindi. Ilikuwa siku za karibu na Ramadhani, binti wa jirani yangu akaniambia wanaionyesha, nikamwambia twende, mimi nalipa. Yeye hajapata kuiona hata siku moja. Mimi sijui nimeiona mara ngapi, lakini zote kwenye televisheni ndogo, sauti inakwaruza. Mama yangu ndiye aliyetutia ugonjwa huu wa filamu za Kihindi. Alikuwa akienda ukumbi wa sinema wa Majestic, pale Vuga, katika yale maonyesho ya wanawake peke yao, yeye na dada zake na mabuibui yao. Kihindi hajui hata neno. Lakini akirudi nyumbani amerudi na muziki mzima kichwani, anauimba kwa mdomo uliofungwa huku anapeta mchele, na anakusimulia filamu yote: nani mwongo, nani atakufa, nani anampenda nani na hasemi. Nilimuuliza siku moja amejuaje. Akasema muziki umemwambia. Na si yeye peke yake. Mji mzima ulisikiliza hivyo, mpaka nyimbo za filamu zikaingia kwenye taarab zikavishwa maneno ya Kiswahili, na leo watu wazima wanabishana ipi ilitangulia.

Nitasema lililo zuri kwanza. Spika zao ni za nguvu. Filamu inaanza na safari ndefu ya farasi wawili, kutoka stesheni ya reli mpaka kijijini, kati ya majabali makubwa, majina ya waigizaji yanapita, na mtunzi wa muziki wake, R. D. Burman, anawasindikiza kwa gitaa na ngoma za Kihindi. Nilisikia kila ngoma imekaa mahali pake. Filamu hii ilipotoka mwaka 1975 ilitengenezwa kwa skrini pana na sauti ya kuzunguka ukumbi, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, nikaelewa watu wa Bombay walisikia nini hata ikakaa ukumbini miaka mitano. Binti wa jirani akanishika mkono. Nikasema pesa yangu imefika.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Kuna kipande katika filamu hii ambacho hakina neno hata moja. Ni jioni. Jai, yaani Amitabh Bachchan, amekaa nje na kinanda chake cha mdomo. Upande wa pili, kwenye baraza ya juu ya nyumba ya bwana mkubwa, Radha anazima taa, moja baada ya moja. Radha ni mjane, amevaa nyeupe, na kwa mila za kijiji kile maisha yake yamekwisha na yeye bado kijana. Jai ni mwizi wa kukodiwa. Hawa wawili hawana njia ya kusemezana. Hakuna salamu, hakuna barua, hakuna wimbo wa kuzunguka miti. Jai anapuliza tu, sauti ndefu za kuvutwa, na Radha anazima taa. Mpigaji wa kweli wa kinanda kile ni Bhanu Gupta, mtu wa bendi ya Burman. Ukikitazama kipande hicho bila sauti, unaona mwanamke anafanya kazi za nyumbani na mwanamme hana kazi. Ukikisikia, unaona mapenzi yanazaliwa mbele yako na hayana pa kwenda.

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na meza ya mitambo, kwa hiyo nilimwona kijana wa mitambo kwa macho yangu. Simu mkono wa kulia, kidole gumba kinapandisha picha. Mkono wa kushoto uko kwenye kile kitufe cha mviringo cha mashine ya sauti. Jai akatia kinanda mdomoni. Kijana, bila ya kuinua macho kwenye simu, akakizungusha kitufe kushoto mpaka kikakaribia mwisho. Kinanda kikapotea. Badala yake nikasikia vijiko, na mtu anaagiza soda.

Kwanza nilifikiri ni adhana, na adhana inastahiki heshima yake. Lakini Isha ilikwisha saliwa. Nikamsogelea.

"Mwanangu, mbona sauti umeishusha?"

"Hapa muziki mtupu, mama. Wakianza kuzungumza naipandisha."

"Hapo ndipo wanapozungumza."

Akatazama skrini, hakuona mdomo unaocheza, akanitazama mimi. Simlaumu sana, ni mdogo, ameamrishwa. Aliyenichoma ni msimamizi, mtu mzima, aliyekuja na tabasamu. Akaniuliza, "Bi mkubwa, kuna shida?" Nikamweleza kwa upole. Akasema wageni wanapenda kuongea pale pasipo na maneno, ndiyo taratibu yao. Nikamwambia hiki ndicho kiini cha filamu. Akacheka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na meza tatu: "Bi mkubwa, kama unataka muziki, taarab zipo, nenda kwenye taarab."

Wallahi mikono ilinitetemeka. Na tuanze hapo hapo kwenye taarab alikonituma. Mtu huyu kakulia Unguja, amekwenda lini kwenye taarab? Taarab ya kwetu, ile ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanza mwaka 1905, usiku unafunguliwa kwa bashraf. Bashraf haina mwimbaji. Ni fidla, kanuni, udi, nai, vinapiga tu, na ukumbi mzima umetulia, kina mama wamejipamba, hakuna anayesema, "Kwa kuwa hakuna maneno, tuzungumze yetu." Bashraf inakuweka sawa. Ukiikosa, mwimbaji akisimama anakukuta bado uko sokoni. Leo mtu wa mji huu huu ananiambia muziki usio na maneno ni nafasi ya kuagiza soda.

Nimekuwa nikizifuata filamu kwa masikio tangu mama yangu yu hai, na ninalolijua ni hili: muziki mkubwa wa filamu unakwambia jambo ambalo picha na maneno hayawezi au hayathubutu kukwambia. Muziki ukirudia tu kile ninachokiona, hautakaa kichwani. Mtu analia na fidla zinalia, basi, nimeshaona analia.

Chukueni Jaws, filamu ya papa ya mwaka huo huo 1975. Mtunzi John Williams alimpigia mwongozaji Spielberg kwenye piano sauti mbili tu, zinarudiwa, na Spielberg akacheka akidhani ni mzaha. Lakini yule papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila akitiwa majini, hawakuweza kumwonyesha walivyotaka. Kwa hiyo sauti mbili zile ndizo zikawa papa. Na kuna jambo ambalo msimamizi yule hatalijua maisha yake yote: ndani ya filamu ile kuna watoto wanaofanya utundu, wanavaa pezi la uongo na kutisha watu ufukweni. Watu wanakimbia, wanapiga mayowe, lakini muziki wa papa haupigwi. Haupigwi kwa sababu si papa. Mtunzi hakukudanganya hata mara moja, ndiyo maana baadaye unapousikia, unamwamini. Sasa mwenye kitufe akishusha sauti kila pasipo maneno, papa yuko wapi?

Au ile filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1968, Once Upon a Time in the West. Humo mna kinanda cha mdomo pia, na wenye kuijua Sholay wanajua ilitazama sana upande ule. Mtunzi Ennio Morricone aliutunga muziki kabla picha hazijapigwa, na Leone akawa anaupiga pale pale wanapoigiza, waigizaji watembee kwa mwendo wake. Yule mwanamme mwenye kinanda hana jina. Anapuliza sauti chungu, iliyopinda, na wewe unakereka, unajiuliza kwa nini hapigi wimbo wa maana. Mwisho kabisa unaonyeshwa: alipokuwa mtoto, kinanda kile alitiwa mdomoni na muuaji, naye amembeba kaka yake mabegani, kaka ana kitanzi shingoni. Pumzi ya mtoto aliyechoka ndiyo ile sauti. Umekuwa ukisikia ushahidi tangu mwanzo wa filamu. Kwa Leone kinanda kinadai kisasi, kwa Burman kinaomba ruhusa ya kupenda. Chombo kimoja, cha kutia mfukoni.

Nikapoa kidogo nilipomkumbuka mwongozaji Hitchcock. Katika Psycho, 1960, alitaka kile kipande cha mauaji bafuni kisiwe na muziki kabisa. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akakiandikia muziki hivyo hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, zile kelele za fidla ambazo hata asiyeiona filamu anazijua. Hitchcock akasikiliza, akageuza kauli. Kwa hiyo inawezekana hata bwana mkubwa wa sinema akafikiri pale hapahitaji muziki. Nikasema, basi msimamizi naye ni binadamu. Na nikitaka kuwa mwadilifu zaidi, Sholay yenyewe maneno yake yaliuzwa kwenye santuri, watu wakanunua mazungumzo matupu ya Gabbar Singh, jambazi wa filamu ile, wakayakariri. Maneno yana watu wake, siwezi kukataa. Ndiyo hapo nilipofika kwenye nyota tatu.

Lakini Hitchcock alisikiliza. Huo ndio mpaka baina yao, na sasa ninavyoandika naona nimekuwa mwepesi wa kusamehe. Kwa sababu kipande kile kinarudi. Baadaye katika filamu ni jioni tena, taa tena, kinanda tena, na safari hii unatakiwa uone kwamba Radha amekwisha zoea kukisubiri. Nikageuka nyuma kabla. Nikamnyooshea kijana mkono, nikamwambia, "Mwanangu, tafadhali, hii moja tu." Yeye aliniangalia, akamwangalia msimamizi. Msimamizi akatikisa kichwa. Kitufe kikazungushwa kushoto tena. Safari hii hawakuweza kusema hawakujua.

Tukaendelea. Daraja, risasi, Jai anakufa mikononi mwa rafiki yake. Hapo sauti ilikuwa juu kabisa, maana watu wanalia na kusema. Radha analia. Na binti wa jirani, msichana mwenye akili, anayesoma vizuri, akaniinamia akaniuliza: "Bibi, huyu mjane mbona analia hivi? Kwani walijuana?"

Walijuana! Filamu ya zaidi ya saa tatu, mmemchukulia mtoto kiingilio kamili, anaondoka hajui kwamba wale wawili walipendana. Hakusinzia, hakuchezea simu, alikaa mbele ya skrini tangu mwanzo. Mapenzi yale yaliandikwa kwa kinanda zaidi ya maneno, na kinanda mkakiuza kwa soda.

Niliomba nirudishiwe pesa yake yeye, yangu niliwaachia. Msimamizi akasema filamu imeonyeshwa yote, haikukatwa hata dakika. Akatuletea glasi nyingine mbili za juisi. Tuliziacha mezani.

Nyota moja. Nimeifikiria tena nilipokuwa naandika swali la yule mtoto na siwezi kutoa zaidi. Picha safi, spika bora kuliko ukumbi wowote niliowahi kukaa hapa Unguja, na hilo ndilo linaloniuma, maana mwenye spika mbovu ana udhuru. Mwenye nyumba ile, kama unasoma: hakuna cha kununua, vyombo unavyo. Mweke kwenye ile meza mtu anayetazama filamu, na wageni wanaotaka kuzungumza wapelekwe dari ya chini, kuna meza kule na ilikuwa tupu. Na ninyi wengine, kabla hamjalipa kiingilio, ulizeni kwanza kama pasipo maneno sauti inashushwa. Wakikwambieni ndiyo, rudini nyumbani.